Gazi ya Ziwa Kivu: moto wake unawaka namna gani, na ziwa lenyewe linaweza kuwaka?

Kila mara Nyiragongo inapochachamaa, ulizo moja linarudi kwenye midomo ya wakaaji wa Goma, Sake, Minova, Kalehe na hata Bukavu: lava ikiingia ndani ya ziwa, gazi iliyo chini si itawaka yote pamoja nasi? Ulizo hilo lilisikika mwezi wa kwanza 2002, wakati lava ilipopita katikati ya mji na kuingia ziwani. Lilisikika tena mwezi wa tano 2021, wakati sehemu kubwa ya mji wa Goma iliombwa kuhama, siku chache tu baada ya lava kushuka tarehe 22.

Watu wana haki ya kuuliza. Chini ya ziwa hili kuna gazi mbili kwa wingi usio wa kawaida: kilometa kibe 300 hivi za gazi kaboniki na kilometa kibe 60 hivi za metani, zikipimwa kama vile zingekuwa hapa juu kwenye hewa. Metani inawaka. Gazi kaboniki haiwaki, inazima. Mtu anayezichanganya hizo mbili anaweza kuogopa kitu kisichomtisha na kupita bila woga karibu na kile kinachoua. Basi ni vizuri kuanza na moto wenyewe.

Metani ni kitu gani?

Metani ni gazi ndogo sana: chembe moja ya kaboni iliyoshikwa na chembe nne za hidrojeni. Haina rangi, haina harufu. Inatokea fasi yoyote ambapo vitu vilivyooza vinakosa hewa: kwenye matope ya maziwa, ndani ya tumbo la ng'ombe, kwenye vishimo vya takataka, hata ndani ya choo. Mwaka 1776 mtaalamu wa Italia, Alessandro Volta, aliikusanya kwenye ziwa Maggiore kwa kukoroga matope na kukamata mapovu yaliyopanda. Aliona kwamba gazi ile inawaka.

Gazi hiyo hiyo ndiyo inayotoka kwenye mitambo ya biogazi ya mavi ya ng'ombe. Ndiyo pia wachimbaji wa makaa ya mawe wanaiogopa chini ya udongo, wanaiita grizu. Lakini siyo ile inayouzwa ndani ya chupa za gazi mjini. Zile chupa zina propani na butani. Tofauti hiyo ni kubwa, na tutaiona mbele.

Moto unaomba nini

Moto wa metani ni ndoa kati ya metani na oksijeni. Hesabu yake ni fupi: metani moja inaomba oksijeni mbili, na kinachotoka ni gazi kaboniki moja na maji mawili. Kwa kilo, kilo 1 ya metani inakula kilo 4 za oksijeni, na inaacha kilo 2.75 za gazi kaboniki na kilo 2.25 za maji.

Ndiyo, maji. Mama anayeweka sufuria baridi juu ya moto wa gazi anaona umande mdogo kwenye matako ya sufuria katika dakika ya kwanza. Sufuria haivuji. Ni maji yaliyozaliwa ndani ya moto, yanatoka kama mvuke na kuganda kwenye chuma baridi. Sufuria ikishapata joto, yanakauka.

Joto linalotoka ni nyingi. Kilo 1 ya metani inatoa karibu megajuli 50. Kilo 1 ya makala mazuri inatoa karibu 30, na ndani ya mbabula sehemu kubwa ya joto hilo inapotelea pembeni.

Hata hivyo metani na oksijeni zinaweza kukaa pamoja ndani ya chumba siku nzima bila kitu kutokea. Zinangoja mtu wa kuzisukuma: kibiriti, cheche ya umeme, kipande cha makala kinachowaka. Metani inaomba joto la zaidi ya digrii 500 ili ijiwakishe yenyewe. Cheche ndogo inafikisha joto hilo kwenye kifasi kidogo, molekuli za hapo zinavunjika, zinatoa joto linalovunja zile za jirani, na kadhalika. Hivyo ndivyo moto unavyotembea.

Kipimo cha 5 na 15

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Metani haiwaki kwa kila kipimo. Ndani ya hewa ya kawaida, ikiwa chini ya sehemu 5 kwa 100, ni chache mno: joto la molekuli moja halifiki kwa jirani yake, moto unakufa. Ikipita sehemu 15 kwa 100, imekuwa nyingi mno: oksijeni haitoshi, moto unakufa vilevile. Kati ya 5 na 15 ndiyo hatari. Karibu na 9 na nusu kwa 100 ndipo hesabu inapatana sawasawa, na ndipo mlipuko unakuwa mkali zaidi.

Kwa nini mlipuko? Hewa moto inaomba nafasi. Kwenye uwanja wazi inapanda na kuenda zake. Ndani ya chombo kilichofungwa kabisa, mkazo unaweza kupanda hadi karibu mara 8. Ukuta wa mbao au wa matofali hauwezi hata robo ya hiyo. Ndiyo sababu nyumba ambamo gazi imevuja inarusha milango na bati, wakati gazi ile ile juu ya jiko ingepika maharagi kwa utulivu.

Ni kipimo hicho pia kinachoeleza mtego mmoja. Chumba kilichojaa gazi kupita kiasi hakiwaki mara moja. Mtu akifungua mlango, hewa safi inaingia, mchanganyiko unashuka na kupita kwenye eneo la hatari. Ndiyo sababu mtu anayesikia harufu ya gazi anapashwa kufungua wazi na kutoka inje, asirudi kushika swichi wala kuwasha tochi hata baada ya kufungua dirisha.

Rangi ya moto inasema

Moto mzuri wa gazi uko wa buluu, umesimama, na hauachi masizi. Buluu ile inatoka kwa vipande vya molekuli vilivyovunjika, vinavyotoa mwanga wao kwa kitambo kidogo sana kabla ya kupata oksijeni. Kwenye jiko la gazi, hewa inaingia kwanza kupitia matundu ya chini na kuchanganyika na gazi kabla ya kuwaka. Ndiyo maana katikati ya kila ulimi wa moto mtu anaona kama kipembe kidogo chenye buluu kali.

Moto wa njano unasema kitu kingine. Oksijeni ni kidogo, kaboni inakusanyika kuwa masizi, na masizi hayo yanang'aa kwa joto kama makala madogo. Ukiona jiko lililokuwa na buluu limegeuka njano na kuchafua sufuria, matundu ya hewa yameziba, au chumba kinakosa hewa.

Na hapo kuna adui asiyeonekana. Metani haiwi gazi kaboniki kwa hatua moja. Inapita ngazi kadhaa, na ngazi ya karibu na mwisho ni monoksidi ya kaboni. Ikipata oksijeni ya kutosha na joto la kutosha, inamaliza safari. Ikikosa, inatoka hivyo hivyo na kuenea ndani ya nyumba. Monoksidi hiyo haina harufu. Inashika damu kuliko oksijeni inavyoshika, mtu anaumwa kichwa, analegea, analala, haamki. Mbabula ya makala iliyoingizwa ndani usiku wa baridi na mlango kufungwa inatoa gazi hiyo nyingi zaidi kuliko jiko la gazi. Makala kutokutoa moshi haimaanishi kuwa hayatoi sumu.

Moto kuruka, moto kurudi

Moto wa metani ndani ya hewa unatembea polepole: karibu sentimeta 40 kwa sekunde, chini ya mwendo wa mtu anayetembea. Jiko linafanya kazi kwa sababu gazi inatoka kwa mwendo unaopatana na huo. Gazi ikitoka kwa nguvu mno, moto unaruka juu ya tundu na kuzimika kwa kelele. Ikitoka polepole mno, moto unaweza kurudi ndani ya jiko.

Lakini moto hauwezi kupita kwenye tundu dogo sana, kwa sababu chuma kinakunywa joto lake kabla haujavuka. Mwaka 1815, Humphry Davy wa Uingereza alitumia jambo hilo: alizungushia taa ya wachimbaji wavu mwembamba wa chuma. Grizu iliingia na kuwaka ndani ya taa, lakini moto haukutoka inje.

Ikiwa ni oksijeni safi

Hewa inayopumuliwa ina oksijeni sehemu 21 tu kwa 100. Sehemu 78 ni azoti, ambayo haifanyi kazi yoyote kwenye moto ila kuiba joto. Ndiyo sababu moto wa metani ndani ya hewa unafika karibu digrii 1,950.

Ondoa azoti, weka oksijeni safi, na mambo yanabadilika. Joto linapita digrii 2,700, zaidi ya linaloyeyusha chuma. Mwendo wa moto unapanda kutoka sentimeta 40 hadi zaidi ya meta 3 kwa sekunde. Na kile kipimo cha 5 na 15 kinakuwa 5 na 60: karibu mchanganyiko wowote unawaka.

Mafundi wa soudure kwenye magaraji ya Goma, Bukavu, Bunia au Uvira wanalijua jambo hilo kwa mikono yao, hata kama wao wanatumia asetileni inayotoka kwenye kabidi. Asetileni na oksijeni zinapita digrii 3,000. Na kwa kuwa moto wa oksijeni unakimbia haraka, unaweza kurudi ndani ya tiyo hadi kwenye chupa. Ndiyo kazi ya kile kifaa kidogo cha kuzuia moto usirudi, ambacho wengine wanakitoa eti kinapunguza nguvu. Na chupa ya oksijeni haipakwi mafuta wala grizi kwenye robine, kamwe: mafuta yakikutana na oksijeni safi yenye mkazo yanaweza kuwaka bila kibiriti.

Sheria hiyo inafaa kwenye hospitali pia. Oksijeni yenyewe haiwaki. Lakini karibu na mgonjwa anayepewa oksijeni, shuka na nguo zinakunywa gazi hiyo, na sigara au mshumaa unaofanya kitu kidogo fasi nyingine unaweza kuwakisha kitanda kizima hapo.

Sasa, ziwa

Turudi kwenye ulizo la mwanzo. Moto unaomba metani, oksijeni na joto, vyote vitatu fasi moja. Chini ya Ziwa Kivu, lenye kina cha meta 485, metani iko, lakini imeyeyuka ndani ya maji kama gazi ndani ya chupa ya limonadi iliyofungwa. Oksijeni iko tu kwenye maji ya juu, meta 60 hivi za kwanza. Gazi nyingi iko chini ya meta 250, mahali ambapo hakuna oksijeni kabisa. Kwa hiyo metani iliyo ndani ya maji haiwezi kuwaka, hata lava ingeigusa. Mwaka 2002 lava iliingia ziwani kweli, na tabaka za chini zilizo na gazi hazikuvurugika.

Hatari inayowashughulisha wataalamu si moto. Ni chupa ya limonadi kufunguka. Maji ya chini ni mazito kuliko ya juu, yana chumvi zaidi na gazi kaboniki, na uzito huo unayafanya yakae chini. Mkazo wa maji unashika gazi isitoke, na vipimo vinaonyesha kwamba mkazo wa gazi bado uko chini ya mkazo wa maji. Lakini kitu chenye nguvu sana, kama mlipuko wa volkano chini ya ziwa, kikiyapandisha maji yale kwa wingi, gazi inaweza kuanza kutoka kama povu na kuvuta nyingine nyuma yake.

Jambo kama hilo lilitokea Kameruni, kwenye ziwa Nyos, tarehe 21 mwezi wa nane 1986. Ziwa lile ni dogo sana mbele ya Kivu. Watu karibu 1,700 walikufa usiku ule. Hawakuungua. Gazi kaboniki iliteremka kwenye mabonde na kuwakosesha pumzi.

Kwenye Kivu pia, gazi kaboniki ni mara tano ya metani. Mchanganyiko wa namna hiyo ni vigumu kuwaka, kwa sababu gazi kaboniki inakula joto la moto kuliko hata azoti. Wingu lake lingekuwa la kukosesha pumzi kabla ya kuwa la moto.

Namna ya kuifanya iwake

Ndiyo sababu gazi inayotoka ziwani haiendi moja kwa moja kwenye mashine. Tiyo inashushwa hadi kwenye kina cha zaidi ya meta 300. Maji yakianza kupanda, mkazo unapungua, mapovu yanatokea, na mapovu hayo yanayavuta maji juu yenyewe. Gazi inayotengana kwanza ni gazi kaboniki zaidi, metani kidogo. Inaoshwa kwa maji ya ziwa: gazi kaboniki inayeyuka haraka ndani ya maji, metani inakataa. Inayobaki ndiyo inayoweza kuwaka vizuri.

Upande wa Rwanda, kiwanda cha bia cha Gisenyi kilianza kutumia gazi hiyo miaka ya 1960. Karibu na Kibuye, mtambo wa KivuWatt unaigeuza kuwa umeme, megawati 26. Congo na Rwanda zilipatana tangu 1975 kwamba metani ya ziwa ni mali ya wote wawili. Upande wa Congo, mwaka 2022 serikali ilitia kwenye soko sehemu tatu za gazi ndani ya ziwa.

Ikiwa siku moja gazi hiyo itafika kwenye majiko ya Goma au Bukavu, watu wakumbuke jambo moja: jiko la chupa ya propani halifai kwa metani bila kubadilishwa. Kwa kipimo kile kile cha gazi, propani inatoa joto karibu mara mbili na nusu ya metani, kwa hiyo tundu la kutolea gazi ni tofauti. Fundi ndiye anapashwa kulibadilisha, si mwenye nyumba na msumari.

Nyumbani na njiani

Kuna gazi zinazopanda na zinazoshuka, na kujua tofauti kunaokoa maisha. Metani ni nyepesi kuliko hewa, inakimbilia darini. Propani na butani ni nzito, zinatambaa chini, zinaingia kwenye mashimo na chini ya kitanda, na zinaanza kuwaka zikiwa sehemu 2 tu kwa 100. Kwa hiyo chupa ya gazi isiwekwe kwenye shimo. Robine na tiyo zipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kibiriti. Ile harufu mbaya ya gazi imetiwa kiwandani makusudi, ili pua ionye. Ikisikika: funga robine, fungua milango, toa watoto, usiguse umeme.

Gazi kaboniki nayo ni nzito. Ndiyo mazuku ya kando ya ziwa na njia ya Sake, inayokaa kwenye vibonde asubuhi kukiwa hakuna upepo, na kuua mbuzi, mbwa na wakati mwingine mtoto aliyetumwa kutafuta kuni. Wako watu wanaosema: shika mshumaa, ukizimika rudi. Hilo si shauri zuri. Gazi kaboniki haiui kwa kumaliza oksijeni tu, yenyewe inaharibu kupumua. Ikifika sehemu 10 kwa 100, mtu anaweza kuzimia ndani ya dakika chache, na mshumaa mkononi mwake ukawa bado unawaka. Na anayemwona mwenzake ameanguka kwenye mazuku asishuke kumfuata bila msaada, juu wengi wamekufa wawili wawili namna hiyo.

Basi jibu la ulizo la mwanzo ni hili: ziwa haliwezi kuwaka kama petroli, maana chini mule moto hauna hewa. Kinachoomba ulinzi ni vipimo vya ziwa kufanywa bila kukatika, na wakaaji kusikiliza wataalamu wa volkano wanapotoa onyo. Lakini usiku wa leo, ndani ya nyumba nyingi, hatari iliyo karibu zaidi ni ile mbabula iliyoingizwa chumbani na mlango umefungwa. Itolewe inje kabla ya kulala.